Salamu ya Ndani ya Spika

Shangazi yangu aliipenda spika ya mkononi kuliko kitu chochote kisicholiwa. Naiita spika kwa sababu ndivyo tulivyoiita nyumbani kwake Kagondo, ingawa vitabuni ni kipaza sauti. Ni ile yenye mdomo mpana kama faneli ya mafuta ya taa, mpini wa kushikia na kitufe chekundu cha kurekodia. Ukishasema mara moja, inarudia mpaka betri iishe. Siku hizi kila muuza sumu ya panya anayo, na hakuna anayegeuka kuitazama. Shangazi alipoanza kuishabikia zilikuwa bado chache mjini Bukoba, na alijiona kama mmoja wa walioileta duniani.

Hakuwa anaziuza. Nalisema hili mapema maana kila ninayemsimulia huuliza alikuwa anapata nini. Hakupata kitu. Aliuza dagaa wakavu kando ya barabara, na koo lake lilikuwa limekwisha kwa kunadi, ndipo mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya umeme mjini alipomwonyesha spika ya kwanza. Mzee huyo ni wa zile familia za Kihindi ambazo sasa zimebaki chache. Alizaliwa Bukoba, ndugu zake wote wamehama, na Kihaya chake kinanishinda mimi. Naye alikuwa mgonjwa wa vitu hivyo. Aliifungua spika kwa bisibisi, akamwonyesha shangazi sumaku iliyo ndani, wakaifunga, wakaijaribu, huku wateja wengine wanasubiri. Nilipotumwa kumwita shangazi arudi nyumbani, niliwakuta kwenye viti vya plastiki wakibishana ipi inasikika mbali zaidi, yenye mdomo mwembamba au yenye mdomo mpana. Watu wazima wawili, wenye mvi zao.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu na nasubiri ajira. Anayejua kusubiri ajira hahitaji maelezo. Asiyejua, namwambia tu kwamba unaamka, unafagia, unaangalia kwenye simu kama majina yametoka, hayajatoka, unaosha vyombo. Asubuhi nilijitolea kufundisha shule moja upande wa Kahororo. Mchana nilikuwa mali ya shangazi. Kwetu shangazi ni baba aliyevaa gauni: akisema kaa, unakaa. Ndiye aliyenichukua kutoka kwa wazazi wangu Kanazi nilipoanza sekondari, akanilea kama wa kwake. Sikuwahi kumkatalia jambo, na wala sikujua sentensi ya kumkatalia inaanzia wapi.

Kwa hiyo aliposema nirekodi, nilirekodi. Alisema sauti yangu ni ya darasani, akimaanisha haijakwaruzika. Mara ya kwanza nilitaja dagaa na bei yake, kama wafanyavyo wote, na watu wakapita kama wapitavyo siku zote. Shangazi alikaa kwenye kigoda chake akiwaza. Kisha akaja na wazo ambalo mpaka leo nakiri lilikuwa la akili nyingi, na ndiyo maana linaniudhi. Alisema nisianze kwa kunadi. Nianze kwa kusalimia.

Mhaya akisalimiwa anaitikia. Si suala la kupenda. Unaweza kuwa na haraka, una mkungu kichwani, mvua inakuja kutoka ziwani, lakini mdogo wako akikuamkia kwa adabu utasimama na utaitikia, na ukishaitikia ni aibu kuondoka bila kuulizana za nyumbani. Kutoitikia ni tamko. Wanaonyimana salamu ni ndugu waliogombania kibanja cha marehemu, na kijiji kizima kinajua kwamba hapo pamevunjika kitu. Basi nikashika spika, nikasema ile salamu ya mdogo kwa mkubwa, "Shumalamu waitu," kama baba alivyonifundisha nikiwa nimepiga magoti, nikanyamaza kidogo kumpa mtu nafasi ya kuitikia, ndipo nikataja dagaa. Kule kunyamaza ndiko shangazi alikokusifia zaidi.

Wa kwanza kunasa alikuwa mzee mmoja mwenye jembe begani. Alisimama, akavua kofia, akaitikia kwa ukamilifu, akangoja. Spika ikataja dagaa. Kisha ikamsalimia tena. Mzee akaitikia kwa sauti ya juu zaidi, labda akidhani binti huyu ana shida ya masikio. Ilipomsalimia mara nyingine aliinama kuchungulia chini ya meza. Hapo shangazi akajitokeza nyuma ya mwavuli, akamwamkia kwa mdomo wake mwenyewe, na mzee, aliyekwisha kusalimiana na kibanda kizima, hakuweza tena kuondoka mikono mitupu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku ile nilidhani ni mchezo wa kupitisha wakati.

Baada ya hapo shangazi hakutulia. Akimwona mtu ananadi kwa mdomo mtupu alimhurumia kwelikweli, kama unavyomhurumia mtu anayelima kwa kijiti. Na alikuwa na namna yake ya kuwapata. Hakumwambia mtu anunue. Alimwekea spika mkononi, akampangia vidole kwenye mpini kimoja kimoja, kisha akarudi nyuma na kukataa kuipokea. Maskini ya Mungu anasimama na mali ya mwenzake, hana pa kuiweka, mwisho anajaribu kubonyeza. Aliwapata hivyo muuza parachichi, muuza mitumba na kinyozi mwenye kiti kimoja, watu ambao asubuhi yake hawakuwa wakimjua. Jioni walikuwa dukani kwa mzee wakiuliza za kwao zitafika lini. Jumapili mzee wa duka alifunga mapema, na wawili hao wakatembea barabarani kama wahubiri.

Kila aliyepata spika alipewa na shangazi salamu yangu bure, kwenye memori kadi, kama jirani anavyokugawia mche wa mgomba. Kilichobadilika ni kile kilichofuata salamu. Nikarekodi maparachichi. Nikarekodi mashuka ya mitumba. Nikarekodi kunyoa ndevu. Na kama hiyo haitoshi, shangazi alinitembeza kama ushahidi. "Mwenyewe ndiye huyu," alisema, akinisogeza mbele kwa kunishika bega, na watu wakaniomba hebu niseme. Nikasema. Wakafurahi, wakaomba tena. Nilijiona kama ng'ombe wa maonyesho ya Nanenane, isipokuwa ng'ombe anaruhusiwa kulala.

Watu si wajinga. Wanaweza kuingia mkenge mara moja, hata mara ya pili kwa ajili ya adabu, lakini hakuna anayependa kuvua kofia mbele ya plastiki. Wakaacha kuziitikia spika. Hilo lilikuwa haki yao. Nilichokuwa sijakifikiria ni kwamba sauti iliyokuwa kwenye spika ni hii hii niliyokuwa natembea nayo mimi.

Nilianza kuona njiani kwenda shule. Nilimwamkia mama mmoja mwenye kuni, akapita bila kugeuza hata shingo. Nikasema labda ana msiba. Kulikuwa na mzee aliyekuwa akikata ua wa nyumba yake kila asubuhi, tuliyezoeana kwa salamu tu. Nilimsalimia nikiwa nyuma yake, akaendelea kukata. Nikazunguka ua, nikasimama mbele yake, nikarudia. Aliinua kichwa akashtuka kidogo.

"Kumbe ni mtu," alisema.

Roho iliniuma, siwezi kusema uongo. Hakuwa amenitukana, na huenda angeniomba radhi kama ningesubiri, lakini niliondoka haraka nikiwa nataka kulia barabarani kama mtoto aliyenyang'anywa kalamu. Shuleni nako kukaanza. Mwalimu mkuu, mama wa heshima aliyekaribia kustaafu, alinisikia nikimwamkia kwa nyuma kwenye korido, akasema bila kugeuka kwamba huyo muuza dagaa aambiwe hapa ni shule. Aliponiona alicheka, akanishika mkono, na ofisini akawasimulia wenzangu, nao wakacheka. Darasani nilisalimia watoto, na kabla hawajaitikia, sauti moja kutoka nyuma ikamalizia kwa kutaja dagaa, kwa lafudhi yangu mwenyewe, na kunyamaza kidogo kumo. Darasa zima likaangua kicheko. Nilisimama na chaki mkononi nikingoja wamalize, na nikagundua kwamba sijui niseme nini baada ya hapo ambacho hakitaanza kuchekwa pia.

Nikatafuta mlango wa kutokea. Nilianza kukohoa kabla ya kusalimia, ili watu wajue kuna kifua nyuma ya sauti. Nikajaribu kushusha sauti iwe nzito, mlinzi wa shule akaniuliza kama nimekunywa dawa ya mafua. Mwisho nikaacha Kihaya kabisa, nikawa naamkia kwa Kiswahili, shikamoo tu, hata kwa vikongwe ambao Kiswahili chao ni cha kuombea maji. Walinishangaa, lakini waliitikia. Kwa muda nikapumua.

Halafu shangazi akarudi nyumbani na furaha usoni. Alikuwa amekaa na mzee wa duka wakiwaza kuhusu visiwa vya Muleba, kule kwenye wavuvi na wachuuzi wa samaki waliotoka kila upande wa ziwa. Kihaya peke yake hakitawafikia, alisema. Kule inatakiwa shikamoo. Alikuwa tayari ameshika spika. Nikamwambia nimechoka, na ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwangu kwenda kwake.

"Umechoka kusalimia watu?" aliniuliza, na hakuwa ananikejeli. Alitaka kujua kweli.

Ukilisema kwa maneno hayo, ni binti wa namna gani anayechoka kusalimia watu? Nikarekodi. Shikamoo kwanza, na Kihaya kikafuata, ili wanunuzi wanaovuka kutoka nchi kavu nao wasipitwe. Nilipomaliza, sikuwa na salamu hata moja iliyobaki yangu.

Tukaenda Muleba, tukapanda boti kuelekea kimoja cha visiwa, shangazi na boksi la spika magotini, mimi na begi. Mzee wa duka hakuja kwa sababu ya magoti yake. Alikuwa amelifunga boksi kwa kamba mwenyewe, na alitusindikiza mpaka mlangoni kwa macho ya mtu anayebaki wakati wenzake wanaenda harusini. Kisiwani shangazi hakupoteza muda. Mabanda ya mabati yamebanana pale, mchanga wote umetandazwa dagaa, na kila aliyesimama karibu na dagaa wake alishtukia ana spika mkononi na mwanamke mgeni anampangia vidole. Walimpenda. Walimletea chai. Boksi likaisha, na waliokosa wakaanza kuazimana.

Tulikuwa turudi baada ya soko. Ziwa likachafuka, boti ikakataa kuondoka, na mwenye boti akasema tungoje. Tukangoja. Kisiwa ni kidogo, ukitembea ufukweni hujachoka unakuta umerudi ulikoanzia, na hakukuwa na hatua niliyopiga bila kuisikia sauti yangu. Spika zilikuwa haziendi pamoja. Moja ilianza shikamoo huku, nyingine iko katikati ya Kihaya kule, ya tatu inataja sangara. Niliamka nazo, nikala nazo. Nilikwenda nyuma ya mitumbwi iliyopinduliwa, nikaziba masikio, na bado nilizisikia, au nilikuwa nazisikia kichwani, sijui. Niliogopa. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo pale kuomba msaada, hakuna atakayejua ni ipi kati yetu inayoomba. Shangazi alikuwa amekaa kwa amani kwenye ngazi ya banda la mgahawa, amefumba macho, akisikiliza kama mtu aliye kanisani.

Nikaamua kuanza na mmoja. Mama mmoja aliyekuja kutoka ng'ambo ya ziwa alikuwa ameining'iniza yake kwenye nguzo, juu ya kichanja cha dagaa. Nilimwendea nikamweleza yote: kwamba sauti ile ni yangu, kwamba mjini watu hawaniitikii tena, kwamba naomba aifute. Alinisikiliza vizuri huku akigeuza dagaa kwa reki. Hakunicheka. Alipomaliza mstari wake alisimama.

"Mimi hapa ni mgeni," alisema. "Wanunuzi wa Kihaya walikuwa wananipita wanaenda kwa watu wao. Hakuna aliyeniitikia. Hiyo wanaiitikia, halafu wanazungumza na mimi."

Kisha akaishusha spika kutoka kwenye nguzo, akanipa, akasema nifute mwenyewe kama roho yangu inataka, akarudi kwenye dagaa wake. Nikabaki nayo mkononi. Ilivyotengenezwa, huwezi kuifuta kwa kunyamaza. Ya zamani inaondoka pale tu unaposema mpya. Nikabonyeza kitufe chekundu. Nilikusudia nimtajie dagaa wake na bei yake, basi, kama wafanyavyo wengine. Mama yule alikuwa amenipa mgongo, watu walikuwa wanapita, na nilipofungua mdomo kuwaambia neno, kilichotoka ni shikamoo, kisha Kihaya, na kunyamaza kidogo, kisha dagaa. Nilikuwa nimemrekodia upya, safi kuliko ya mwanzo. Nikairudisha kwenye nguzo. Mama akanishukuru.

Tuliporudi nchi kavu nilikuwa nimeshajua amebaki mtu mmoja. Shangazi hamsikilizi mchungaji, hamsikilizi mwenyekiti wa mtaa, anamsikiliza kaka yake mkubwa, na kaka yake mkubwa ni baba yangu. Akimwambia basi, ni basi. Baba ni mtu wa adabu kupindukia. Ndiye aliyetufundisha kwamba salamu si maneno, ni mtu kuonyesha kwamba amekuona. Nilijua atakasirika kwa niaba yangu. Sikumpigia simu, kwa sababu kesi ya dada yake haipelekwi kwa simu, na kwa sababu nilitamani kwenda nyumbani.

Nilipanga maneno njia nzima ya Kanazi. Nitaanza kwa kumsifu shangazi, kwamba amenilea, kwamba ana moyo mwema. Kisha nitasema namwomba baba amwombe arudishe sauti yangu, na kama haiwezekani kuzifuta zilizokwisha kwenda, basi asitoe nyingine, na mimi nirudi kukaa nyumbani mpaka ajira itoke. Gari liliniacha barabarani. Nikakata katikati ya mibuni na migomba, na nyumba ikatokea, mlango wazi, ndala za baba kizingitini. Mama alikuwa kwenye kikundi chake cha akina mama. Ndani nilisikia mtu akipepeta kahawa kwenye ungo. Nikavua viatu uani, nikasimama pembeni kidogo ya mlango kama inavyotakiwa, nisimchungulie mtu ndani mwake, nikamsalimia.

Ungo uliendelea. Nikasalimia tena.

"Leo hatununui," alisema baba kutoka ndani.

Nilisimama pale uani nilikozaliwa, viatu mkononi, na nikaona wazi kwamba njia yote niliyokuwa nimeipanga ilianzia kwenye neno ambalo yeye halisikii tena. Nikasema ni mimi, baba. Ungo ukanyamaza. Alichukua muda kutoka, na alipofika mlangoni hakuniangalia usoni. Aliangalia mkono wangu wa kulia uliokuwa na viatu, akaangalia wa kushoto uliokuwa na mkate, kisha akaangalia barabara nyuma yangu, kama kuna baiskeli.

"Kuna mtu wa dagaa anapita hapa na baiskeli kila siku, ana sauti yako," alisema. "Mwanzoni nilikuwa natoka."

Alikuwa amekonda kuliko nilivyomwacha, na shati lake lilikuwa na maganda ya kahawa. Nilimwona akilini akitoka, siku ile ya kwanza na iliyofuata, akivaa ndala zake kizingitini, akimkuta mgeni na baiskeli. Yale yote niliyojipanga kumwambia kuhusu dada yake niliyasahau, na wala hayakuhitajika.

"Rudia," alisema, "nikuone mdomo."

Nikaweka mkate na viatu chini, nikapiga magoti, nikarudia. Aliniangalia mdomo mpaka nilipomaliza, ndipo akaitikia.